Injini ya Mzee Mizani

Kwa miezi minane baba mkwe na mke wa mwanawe waliishi chini ya paa moja bila kugombana hata mara moja, na hapo ndipo palipokuwa na taabu. Wanaogombana angalau wana la kusema. Hawa wawili walikuwa na adabu tupu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe. Umeamkaje?"

"Salama tu, baba. Chai iko mezani."

"Ahsante."

Baada ya hapo husikii kitu ila kijiko kikizunguka kikombeni. Mwanamke akimaliza chai yake huvaa viatu, huaga, huyoo kazini. Akirudi alasiri humkuta mzee kwenye kiti kile kile kando ya dirisha, redio ikijisemea peke yake. Humwamkia tena, hula pamoja, na siku inakuwa imekwisha.

Kazi ya mwanamke huyo ilikuwa kutengeneza meno bandia. Alikuwa na chumba chake nyuma ya zahanati ya meno: meza ndefu iliyotapakaa plasta, taa ya kuyeyushia nta, tanuri dogo la kukaushia, mashine ya kung'arisha, na vibano vya kila namna. Wateja wengi hawakumjua sura. Waliijua kazi yake tu, wakatembea nayo mdomoni. Mtaani walimwita Fundi Meno, na jina likamganda. Mumewe alikuwa fundi wa mitambo melini, mtu wa kuondoka kwa miezi kumi na mitano na kurudi kwa miwili. Ndiye aliyemleta baba yake nyumbani, akamkabidhi kwa mkewe kama mtu anavyoacha funguo kwa jirani, kisha akafunga begi.

Mzee naye alikuwa na lake. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa mkaguzi wa mizani. Aliingia madukani, buchani na maghalani na kisanduku chake cha mawe ya shaba, akapima mizani ya watu, na mwenye mizani ya wizi akamjua yeye ni nani. Walimwita Mzee Mizani, wengine kwa heshima, wengine wakisaga meno. Sasa alikuwa amestaafu, na macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Aliona mwanga, vivuli, na rangi za mbali kama anayechungulia kupitia karatasi iliyolowa mafuta. Daktari wa macho alisema kumtoa mtoto wa jicho ni kazi ya nusu saa. Mzee alikataa katakata.

"Haya yananitosha kuonea sahani," alisema, na habari ikaishia hapo.

Jumamosi moja Fundi Meno alipita kwenye vibanda vya vyuma vikuukuu kutafuta jiliwa dogo la kubania kazi zake. Alilipata. Muuzaji, mwanamke mnene mwenye mdomo mwepesi, akachomoa kitu chini ya meza, kimefungwa kwenye tambara.

"Chukua na hiki kiwe nyongeza yako. Sijui ni cha nini. Kimekaa hapa miaka, nikadhani ni cha kusagia pilipili. Nimekijaribu, hakisagi."

Kilikuwa kidude cha chuma, ukubwa wa limau kubwa, kimegandwa na utomvu wa rangi ya kahawia kama asali iliyoungua. Kilikuwa na mapezi membamba ubavuni na kimhimili kilichochomoza mbele. Fundi Meno alikipenda kwa sababu moja tu: kilikuwa kidogo na kimetengenezwa kwa makini, na yeye alikuwa na udhaifu kwa vitu vya namna hiyo. Alikileta nyumbani, akakiweka mezani, akaenda jikoni.

Aliporudi na chai, mzee alikuwa amekiweka kiganjani. Hakuwa akikitazama. Alikuwa amefumba macho, anakipandisha na kukishusha taratibu.

"Gramu mia mbili na themanini," alisema. "Labda pungufu kidogo, ukiondoa uchafu."

"Baba unakijua?"

Mzee alikinusa. Uso wake ukabadilika, kisha ukarudi ulivyokuwa, kama mtu aliyefungua mlango akaona si chumba chake.

"Ni injini ya ndege," alisema. "Ndege ndogo, za kuchezea. Imekufa. Itupe." Akaiweka mezani na kuomba aongezewe sukari.

Fundi Meno hakuitupa. Siku ya pili alipokuwa anapanga vyombo, aliishika ile injini na kuanza kuuzungusha mhimili wake. Ulikuwa umekaza. Akakaza na yeye.

"Usitumie nguvu!" Sauti ilitoka dirishani. "Utavunja mkono wa pistoni. Yale si kutu, ni mafuta ya nyonyo. Yakikaa miaka yanaganda kama gundi. Unayalainisha kwa moto, humalizi kwa misuli."

Mwanamke aliiacha. Katika miezi minane, hayo yalikuwa ndiyo maneno mengi zaidi aliyowahi kuyasikia kutoka kwa baba mkwe wake kwa pumzi moja. Akauliza polepole, kama mtu anayemkaribia ndege tawini:

"Moto wa kiasi gani, baba?"

Redio ikasoma hali ya hewa.

"Una sufuria usiyoipenda?" mzee aliuliza.

Alikuwa nayo moja. Mzee akamwagiza atafute dawa ya rejeta ya gari, ile ya kijani, amimine mpaka ifunike injini, aipashe moto mdogo nje ya nyumba bila kuiacha ichemke, saa tatu au nne. "Na sufuria hiyo usiipikie tena. Ile ni sumu. Usije ukasema niliingia nyumba ya mwanangu kuua watu."

Fundi Meno alicheka. Mzee hakucheka, lakini masharubu yalicheza.

Simu ilipopigwa kutoka melini jioni ile, mwanamke alimweleza mumewe. 

"Baba amezungumza habari za ndege?" mume aliuliza. "Wewe, baba alikuwa bingwa! Kila Jumapili uwanjani. Alizijenga mwenyewe, bawa mpaka mkia. Nimekua na harufu ya yale mafuta. Halafu miaka sita iliyopita akagawa kila kitu, hata msumari hakuacha. Nilimuuliza, akasema amechoka. Ukimuuliza mara ya pili anakuwa mkali."

"Basi mimi sitamuuliza," mke alisema.

Jumamosi iliyofuata zahanati ilipofungwa, alimshika mzee mkono, wakatembea mitaa miwili mpaka kwenye chumba chake cha kazi. Mzee hakuwahi kufika pale. Alisimama mlangoni akinusa nta na plasta, kisha akaipapasa meza yote kutoka mwanzo hadi mwisho, kila kifaa akikiuliza jina lake.

"Pazuri," alisema. "Kila kitu kina mahali pake. Haya, fungua boliti nne za nyuma. Moja moja, na uziweke kwa mpangilio ule ule uliozitoa nao."

Kazi ikaanza. Ile dawa ya kijani ilikuwa imetenda mambo. Utomvu ulikuwa ukibanduka kwa mswaki, na chini yake aluminiamu iling'aa kama siku ya kwanza. Fundi Meno ndiye aliyefungua, mzee ndiye aliyepokea. Kila kipande kilichotoka alikipitisha vidoleni na kukitaja: kifuniko cha nyuma, kichwa cha silinda, silinda yenyewe, pistoni, mkono wake. Beringi zilikuwa mbili na hazikutaka kutoka, mpaka mwili wa injini ulipotiwa tanurini dakika chache na kugongwa mara moja juu ya kipande cha mti. Zikadondoka zenyewe, tak, tak. Mzee aliizungusha moja karibu na sikio lake.

"Sikiliza. Hii inalia." Akachukua ya pili. "Hii bado ina uhai, lakini ikishaolewa na mpya itaanza visa. Badilisha zote."

Fundi Meno alizisoma namba zilizochongwa ubavuni mwa beringi kwa lenzi yake, na katika duka la beringi muuzaji alizipata kwenye droo ya vipuri vya mashine za kutobolea. Hilo lilikuwa rahisi. La pete halikuwa rahisi.

Ndani ya pistoni hupita pini inayoishika na mkono wake, na pini hiyo huzuiwa isitoke na pete mbili za waya, kila moja ndogo kuliko punje ya dengu. Ya kwanza iliingia vizuri. Ya pili iliteleza kwenye kibano, ikaruka, ikapotea. Fundi Meno alipiga magoti. Akawasha taa. Akavaa lenzi ya kichwani, akatambaa chini ya meza, akafagia vumbi la plasta na kulipepeta kama unga. Hakuna. Nusu saa ilipita. Jasho lilimtoka, na zaidi ya jasho ni aibu, kwa kuwa yeye ndiye mwenye macho.

"Umemaliza?" mzee aliuliza. Hakuwa ameinuka kitini.

"Sijaiona, baba. Samahani."

"Sikukuuliza kama umeiona. Nimeuliza kama umemaliza kupiga kelele, maana nilikuwa nataka kukumbuka. Iligonga bati, ting. Baada ya ting sikusikia kitu. Kitu kikigonga bati halafu kisisikike kikianguka, kimetua palipo laini. Una kitambaa karibu na bati?"

Karibu na beseni la bati palining'inia aproni yake. Mzee aliisogelea, akaingiza vidole mfukoni kwa upole kama anayetoa yai kiotani, akatoa pete.

Wote wawili walicheka mpaka wakashika meza. Tangu siku ile mzee aliacha kumwita mkwe. Akamwita fundi.

Na kwa kuwa sasa alikuwa fundi, aliacha pia kumstahi. Jumamosi ya tatu walikuwa wanaunganisha. Silinda ilikuwa safi, pistoni safi, beringi mpya ziko ndani. Fundi Meno alizungusha mhimili kwa vidole. Ulizunguka kama siagi, lakini kila pistoni ilipofika juu kabisa, ilibana. Akajaribu tena, ikabana palepale. Mikono yake ilikuwa imezoea kazi ambayo jino likibana mahali, unalisugua kidogo, unalijaribu, unalisugua tena hadi mteja aseme hapo. Bila kufikiri, akachukua jiwe laini la kung'arishia na kulitia kwenye mashine yake. Mashine ikaanza kuvuma.

"Unafanya nini?"

"Kuna mahali panabana, baba, naondoa kidogo tu—"

"Acha! Acha hapo hapo! Weka chini!"

Alipaza sauti mpaka chupa zikalia rafuni. Fundi Meno alizima mashine. Alihisi machozi yakimpanda, kisha hasira ikayapita machozi njiani.

"Baba, usinifokee kama mtoto! Ningejuaje? Hukuniambia!"

Hapo kila mmoja alisikia alichokifanya. Mwanamke alikuwa amemjibu baba mkwe wake kwa ukali. Mzee alikuwa amemfokea mke wa mwanawe ndani ya ofisi yake mwenyewe. Palikuwa na kila sababu ya kurudi kwenye adabu.

"Ni kweli," mzee alisema mwishowe. "Sikukuambia. Kosa ni langu." Akanyoosha mkono, akapewa injini, akaizungusha mpaka ilipobana, akaishikilia pale. "Silinda hii, juu ni nyembamba kuliko chini. Kwa unywele tu. Imetengenezwa hivyo makusudi. Injini ikiwaka, juu ndiko kwenye moto mkali, kwa hiyo juu hutanuka zaidi, na hapo ndipo pistoni inakaa sawasawa. Ukiilegeza ikiwa baridi, ikipata moto itakuwa kiatu cha baba mguuni mwa mtoto. Itapwaya, itakosa nguvu, haitawaka tena. Huku kubana ndiko uzima wake."

Fundi Meno alilitazama lile jiwe lililokaribia kuharibu kazi yote ya wiki tatu. "Sekunde mbili zaidi," alisema.

"Moja," alisema mzee. "Ulikuwa umeshainamia. Nilisikia kiti."

Walianza kucheka tena, na tangu hapo waligombana vizuri, kila Jumamosi, kuhusu unene wa karatasi ya gasketi, kuhusu boliti ipi ikazwe kwanza, na kuhusu nani aliyeficha bisibisi. Nyumbani redio ilizimwa, maana haikupata nafasi.

Kitu kimoja hakikupatikana mjini: plagi. Ya zamani waya wake ulikuwa umekatika. Mume aliitafuta katika kila bandari meli ilipotia nanga, na katika ya tatu akaipata, akatuma mbili kwa posta ndani ya soksi. Zilichukua wiki nne kufika. Mzee alikuwa akiuliza habari za posta kabla ya kujibu shikamoo.

Jumapili waliyoichagua, waliitoa meza ndogo uani nyuma ya zahanati. Injini ilifungwa kwa boliti nne kwenye ubao mnene, ubao ukabanwa na lile jiliwa. Propela ya mbao ikakazwa mbele. Mafuta waliyachanganya wenyewe, sehemu nne spiriti ya methanoli kutoka kwa muuza kemikali, sehemu moja mafuta ya nyonyo kutoka duka la dawa. Mzee alimsimamisha fundi wake nyuma ya propela, kamwe si ubavuni, na badala ya kidole alimpa fimbo iliyovishwa mpira.

"Inauma?" Fundi Meno aliuliza.

Mzee alimwonyesha ncha ya kidole chake cha shahada. Palikuwa na kovu jeupe. "Iliniuma mwaka aliozaliwa mumeo. Mpaka leo mvua ikikaribia kinanipigia simu."

Wakaunga betri kwenye plagi. Fundi Meno akapiga propela kwa fimbo. Kimya. Akapiga tena. Akapiga mara ishirini. Injini ikatema matone na kunyamaza. Mzee akasema imekunywa kupita kiasi. Wakaigeuza, wakaikausha, wakaanza upya. Mara thelathini. Ikakohoa mara moja, ikarusha fimbo upande wa pili wa ua, ikalala. Jirani wa ukuta wa pili, fundi cherehani, alichungulia akauliza kama siku hizi meno yanatengenezwa kwa vita.

Mkono wa Fundi Meno ulikuwa unauma mpaka begani. "Pengine imekufa kweli, baba," alisema.

"Aliyekufa hakohoi. Funga sindano ya mafuta, hiyo skrubu ya pembeni, robo mzunguko. Piga."

Alipiga. Injini ikawaka.

Ililipuka kwa mlio mkali, mwembamba, wa hasira, kama nyigu aliyefungiwa kwenye kopo. Moshi mweupe ulifuka, harufu tamu ya mafuta ya nyonyo yaliyoungua ikatanda ua mzima, na magazeti yaliyokuwa chini yakapaa hadi ukutani kwa fundi cherehani. Fundi Meno alipiga kelele ambayo hakuna aliyeisikia, hata yeye mwenyewe. Mzee aliinua kiganja: tulia. Alikuwa ametega sikio, kichwa kimeinama upande mmoja, kama zamani alipokuwa akisubiri sindano ya mizani isimame.

"Funga sindano kidogo!" alipaza sauti. "Kidogo tena! Tena!" Mlio ukapanda, ukapanda, ukawa waya ulionyooka. "Umezidisha! Rudisha! Rudisha... hapo! Usiiguse!"

Ilinguruma hapo hapo, bila kutetereka, mpaka mafuta yalipokwisha kwenye kitenki na kimya kikarudi ghafla, kikubwa kuliko mwanzo. Fundi cherehani alipiga makofi juu ya ukuta.

Fundi Meno aligeuka kumkumbatia mzee, akakuta amekaa kwenye benchi, viganja juu ya magoti. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na hakuyafuta.

"Baba?"

"Si uchovu," alisema. "Watu wote niliwaambia nimechoka. Sikuchoka. Ilikuwa Jumapili kama hii. Niliirusha, ile kubwa yenye mabawa mekundu. Ikapanda vizuri. Nikageuza kichwa kidogo, nikairudia, haipo. Naisikia iko juu, inazunguka, injini nzima, kila kitu kizima. Nina rimoti mkononi. Lakini sijui iko wapi. Watu wamejaa uwanjani, watoto wamejaa, na juu yao kuna chuma kinachokata, na mimi ndiye niliyekipandisha. Nilisimama hivyo mpaka mafuta yakaisha. Nikasikia ikishuka. Ilianguka kwenye paa la bati, haikumgusa mtu. Watu wakanipa pole, wakadhani ni upepo. Sikuwaambia. Kesho yake niligawa kila kitu."

Fundi Meno alikaa kando yake. Maneno mengi yalimjia, na moja lilikuwa jina la daktari wa macho. Aliyameza yote. Alichukua tambara, akaanza kuifuta injini ambayo bado ilikuwa na joto.

"Kaka yangu alifanyiwa macho," mzee aliendelea. "Aliingia anaona kidogo, akatoka haoni kabisa. Ni zamani, walikuwa wakitumia visu vya ajabu. Najua siku hizi ni tofauti. Kichwa kinajua. Ni tumbo ndilo halijui."

"Tumbo lina haki yake," alisema Fundi Meno.

Walifungasha, wakarudi nyumbani, mzee akiibeba injini mwenyewe kifuani.

Siku nne zilipita. Asubuhi ya tano, kabla ya shikamoo, kabla ya chai, mzee alisema akiwa mlangoni mwa chumba chake: "Kuisikiliza mezani, masikio yanatosha. Lakini injini ile haikutengenezwa ikae mezani. Yule daktari bado yupo siku za Jumanne?"

"Yupo," Fundi Meno alijibu, na akageukia jiko haraka ili asionekane, akasahau kwamba asingeonekana vyovyote vile.

Walianza na jicho la kulia. Siku hiyo mkono wa mzee ulikuwa baridi kama samaki, na alimshika fundi wake mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, ambapo muuguzi alilazimika kuwatenganisha. Ilikuwa kweli nusu saa. Kwake aliyekaa nje, ilikuwa nusu ya mwaka. Kesho yake daktari alibandua bandeji. Mzee alipepesa, akapepesa tena. Akamtazama daktari, ukuta, taa, kisha mwanamke aliyekuwa amesimama mbele yake mikono mdomoni.

"Toa mikono," alisema.

Aliitoa, akatabasamu.

"Kumbe una mwanya!" mzee alisema. "Harusini niliona nguo tu. Fundi wa meno mwenye mwanya! Hukuona haja ya kujitengeneza?"

"Niuzibe wa nini, baba? Mwanya ni uzuri."

"Ni uzuri," mzee alikubali.

Jicho la kushoto, miezi miwili baadaye, halikutoka vizuri hivyo. Lilibaki na ukungu pembeni, na daktari alisema ukweli kwamba huenda usiondoke. Mzee aliupokea. Alisema moja zima na moja nusu ni jumla nzuri kuliko alizoziona kwenye mizani nyingi.

Mume aliporudi likizo alileta mbao nyepesi, rimoti, na vitambaa vya plastiki vya kuvika mabawa. Alikuta meza ya chakula imegeuzwa karakana na baba yake na mkewe wakibishana juu ya gundi, hata hawakusikia hodi. Walimpa kazi ya kusugua msasa, maana nyingine walisema hataziweza.

Ndege ilipokamilika ilikuwa ya manjano, rangi ambayo mzee aliijaribu ikiinuliwa angani, akiitazama kutoka mwisho wa barabara hadi aliporidhika. Waliichukua Jumapili moja asubuhi, kwenye uwanja mpana uliokuwa mtupu, nyasi bado zina umande. Mume aliishika kwa mkia. Fundi Meno aliiwasha, mara ya tatu tu. Mzee alishika rimoti, akakaza mdomo, na kwa muda mrefu hakufanya kitu. Hakuna aliyemhimiza.

"Iache," alisema.

Ilikimbia kwenye nyasi, ikayumba, ikanyanyuka. Ilipita juu ya miti ya mwisho wa uwanja, ikageuka, ikarudi, mlio wake ukipungua na kuongezeka. Fundi Meno alisahau kuitazama. Alikuwa akiutazama uso wa mzee, jinsi macho yalivyoifuata kushoto, kulia, juu, bila kuiacha. Ilizunguka hivyo dakika saba. Kisha mafuta yakaisha, na ndege ikaanza kuteremka kimya kuelekea ng'ambo ya uwanja, kwenye nyasi ndefu, ikazama humo.

"Imeanguka wapi?" mume aliuliza, akikinga jua kwa kiganja. "Umeiona?"

"Sikuiona," alisema Fundi Meno.

Mzee alikuwa ameshaanza kutembea. "Haikuanguka, imetua," alisema bila kugeuka. "Iko pale, mkono wa kushoto wa kichaka. Propela imevunjika, nadhani. Njooni."